Wote Walipogeukia Mlango

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha mjini Saint Paul, ndani ya sinagogi, mbele ya watu wapole ambao hawakunikosea lolote.

Naeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine, maana ibada yao hurushwa mtandaoni kwa ajili ya wazee wasioweza kutoka nyumbani. (Ndiyo. Kuna video. Msiitafute.)

Mnaonijua mnajua mimi ni Musyoka, Mkamba wa Machakos, mhudumu wa usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee hapa Minneapolis. Pia mnajua nina ngoma. Nilitoka nayo nyumbani, mti na ngozi ya mbuzi, nikaitetea uwanja wa ndege mpaka mate yakanikauka. Kanisani kwetu Brooklyn Center niliipiga kila Jumapili. Kisha tukanunua ngoma za umeme, binti wa pasta akazikalia, na ngoma yangu ikasogezwa pembeni ikawekewa chombo cha maua. Maua ya plastiki. Nilikuwa naketi pale nikiimba na wenzangu huku nikitazama yale maua, na iliniuma. Sitawadanganya kwamba haikuniuma.

Sasa, kazini kwetu kuna wazee Wayahudi, na kila Ijumaa mchana huja dada mmoja anaitwa Talia kuwaimbia. Ndiye kiongozi wa nyimbo katika sinagogi lao, ana gita na sauti ya kumlaza mtoto mkorofi. Siku moja nilikuwa nimeongezewa shifti ya mchana. Nasukuma toroli la chakula, Talia anaimba, na vidole vyangu vikaanza shughuli zao kwenye bati la toroli bila kuniuliza. Akanyamaza.

"Nani anapiga hivyo?"

"Ni toroli," nikasema.

Akacheka, akaniambia nisiache. Tuliimba naye mpaka supu ikapoa, na hakuna mzee aliyelalamika.

Ndipo akanieleza shida yake. Sinagogi lao ni la wale Wayahudi wasiofungwa sana na ya kale: wanaume na wanawake wanakaa pamoja, na vyombo vya muziki vinaruhusiwa hata siku ya Sabato, ambayo kwao huingia Ijumaa jioni. Maneno ya sala ni yale yale ya mababu, lakini tuni zinatungwa siku hizi, na vijana wanazipenda. Wazee wao walikulia kwenye kinanda kikubwa na kwaya iliyosimama wima. Wengine wamefurahia tuni mpya. Wengine wanaona kama wameingia nyumbani kwao wakakuta mtu amehamisha viti.

Talia alitaka ngoma. Kamati ya ibada ikampa Ijumaa moja ya kujaribu, halafu wapige kura. Na katika kamati hiyo yupo Bibi Sylvia, mama mzee wa fimbo na shali, ambaye wenzake wanamsikiliza kuliko mtu mwingine yeyote.

"Gita amelivumilia," Talia akaniambia. "Ngoma amesema hapana. Anasema ile ni nyumba ya sala, si kambi ya watoto ya likizo."

Sikuweza kumchukia. Nyanya yangu mwenyewe alilelewa misheni, na ngoma ya kwanza ilipoingia kanisani kijijini alichukua Biblia yake akatoka. Alisema vitu hivyo tuliviacha nje ya mlango tulipoingia. Alimwendea Mungu wake akiwa na msimamo huo huo. Kwa hiyo nilimwelewa Bibi Sylvia, na bado nilitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nije nchi hii ya barafu. Nilitaka kupiga ngoma mahali watu wanaposali. Basi.

Tulifanya mazoezi katika ukumbi mtupu. Mbao zilizong'arishwa, vioo vya rangi, Talia na gita lake, mimi na ngoma yangu. Nilipiga polepole kwa viganja, yeye akaimba lugha nisiyoijua hata neno, na mwili wangu ukalegea kama niliyeoga maji moto. Akanifundisha kila wimbo, wapi niingie, wapi ninyamaze. Kila kitu kuhusu muziki alinifundisha. Kuhusu watu hakunifundisha kitu, maana ukumbi ulikuwa hauna watu. (Shikeni hapo.)

Leo ndiyo siku yenyewe. Nimetoka shifti ya usiku asubuhi, na badala ya kulala nimekaa kitandani nikipiga mapaja. Mke wangu Mwikali alikuwa anachukua gari kwenda kazini Fridley, akanikuta sebuleni naifunga ngoma kwa shuka.

"Musyoka, hiyo si shuka ya wageni? Ile ya lace?"

"Na mimi si naenda kuwa mgeni?"

"Umelala lakini?"

"Nimelala."

"Macho yako ni kama ya omena. Please, usi-miss stop. Na usituaibishe huko kwa watu, sawa?"

"Mimi ni professional," nikasema.

Basi la kutoka Brooklyn Center lilikuwa sawa. Nilikaa wima. Shida ilikuwa treni. Jamani, ile treni ya kwenda Saint Paul ina joto. Nje theluji inashuka, taa za barabarani zinapita moja moja, watu wamenyamaza, na chuma kule chini kinaimba kitu kimoja bila kuchoka. Nikafumba macho kidogo tu, kuyapumzisha. Nikamwona nyanya yangu ameketi mbele yangu ndani ya treni, kitambaa kichwani, begi mapajani, anagonga begi kwa vidole kwa mdundo mzuri sana. Nikamwambia, "Nyanya, kumbe unajua." Akaniambia, "Shuka."

Nikafungua macho. Treni ilikuwa imefika mwisho wa njia, na aliyekuwa ananiambia nishuke ni mzee wa kusafisha mabehewa.

Nilimpigia Talia, simu imezimwa. Haki yake, ibada ilikuwa inaanza. Nikapanda treni ya kurudi, safari hii nimesimama, nimekumbatia ngoma, namwomba Mungu wa nyumba zote mbili. Niliposhuka nikaanza kutembea. Haraka haraka haina baraka, na barabara yenye barafu huwa inakukumbusha, kwa hiyo nilienda mwendo wa kinyonga. Theluji ilikuwa ile ya vipande vikubwa, isiyo na upepo, inashuka kama haina pa kwenda. Magari hayakusikika. Miguu yangu yenyewe haikusikika. Nikafikiri huenda bado nimelala kwenye treni, na sikuona vibaya. Mtakaponihukumu, hukumuni mtu aliyekuwa katika hali hiyo.

Mlangoni kuna mlinzi, kama ilivyo katika masinagogi mengi siku hizi. Mtu mstaarabu, lakini kazi ni kazi. Akanitazama: mwanaume mkubwa, mweupe kwa theluji tangu utosini hadi viatu, amebeba kitu cha duara ndani ya shuka.

"Wewe ni mpiga ngoma? Talia alikuwa anakuulizia. Samahani, lazima nione ndani."

Nikafungua shuka. Akaona, akagonga ngozi kidogo, akatabasamu. Kuifunga tena vizuri hapakuwa na muda. Nikafanya kama mama zetu: nikazungusha shuka begani, nikafunga fundo kifuani, ngoma ikakaa ubavuni kama mtoto. Shuka lililobaki sikulitazama. Lilikuwa refu.

"Umechelewa, lakini ingia," mlinzi akasema. "Mlango ule wa kati."

Nikasimama mbele ya ule mlango. Ndani wanaimba. Niliujua ule wimbo, ni ule mtamu tuliourudia sana mazoezini, unaopanda kidogo kidogo mpaka unasahau ulianzia wapi. Lakini mazoezini ulikuwa sauti moja. Sasa zilikuwa mia na kitu, za wazee na za watoto, zimechanganyika na mbao za mlango, na nikahisi zile sauti katika kiganja kabla sijasukuma. Nilisimama pale nikayeyuka kidogo, theluji na mimi. Kisha nikausukuma mlango, taratibu, nikitarajia kuona visogo vya watu, ili ninyate pembeni hadi mbele.

Sikuona kisogo hata kimoja.

Watu wote walikuwa wamesimama wakinitazama. Safu zote. Wameipa mgongo madhabahu, wamegeukia mlango, mishumaa inawaka nyuma yao, na wanaimba. Wananiimbia. Halafu, kama vile hiyo haitoshi, wakainama. Wote kwa pamoja, upande wa kushoto, upande wa kulia, kwa heshima, wakiniangalia usoni.

Sasa nawaomba mniwekee akili zenu hapa. Wewe umekulia kanisa la kwetu. Mgeni akiingia, anasimamishwa. Watu wanamgeukia wanamwimbia wimbo wa kumkaribisha, wengine wanampungia mkono. Na mgeni anafanya nini? Hajifichi. Mgeni anayeimbiwa halafu anajikunyata amewatukana wenyeji. Mgeni anaitikia. Anacheza kidogo, anakwenda mbele, anasalimia, anasema ametoka wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo ni adabu ya kawaida, hata mtoto anaijua.

Nikafikiri: Talia amewaambia habari zangu. Hawa watu wamenisubiri. Nimechelewa, wamenisamehe, na wamesimama. Machozi yakanijaa. Nikasema moyoni, hii ndiyo jamii.

Nikaitikia.

Nikaishika ngoma nikaipiga. Si kwa nguvu, kwa furaha. Mimi ni Mkamba, ngoma ikilia mabega hayasubiri kibali. Nikaingia katikati ya ukumbi nikichezesha mabega, napunga mkono kushoto, napunga kulia, nainama kila walipoinama. Na hapa ndipo nawalaumu watu wa Minnesota. Mahali pengine popote mtu angekushika mkono akakwambia, ndugu, kaa chini. Mtu wa Minnesota hawezi kukwambia umekosea. Anatabasamu. Ubeti ulikuwa umekwisha, walipaswa kugeuka na kuketi, lakini waliniona bado niko mbali na mbele, wakaona si ungwana kuniacha njiani. Wakauimba tena. (Ubeti mzima. Kwa ajili yangu. Na kuna mzee mmoja alianza kupiga makofi.)

Nilihisi shuka limekuwa zito, nikadhani ni maji ya theluji. Sikugeuka. Mtu anayeimbiwa hageuki nyuma.

Nikafika mbele. Talia alikuwa ameshika gita kwa mikono miwili kama anayezuia mlango, macho yamemtoka. Nikajua amefurahi. Wimbo ukaisha, watu wakanyamaza, na mimi nikawageukia kufanya kile ambacho mgeni hufanya. Mdomo ulijiendea wenyewe, nimeusema mara nyingi mno tangu ujana.

"Bwana asifiwe. Mimi naitwa Musyoka kutoka Machakos, Kenya. Nimeokoka, na nampenda Bwana..."

Hapo macho yangu yakaangukia maandishi ya Kiebrania ukutani. Makubwa, ya dhahabu. Nikakumbuka niko wapi. Ile sentensi ina jina linalofuata, na jina lilikuwa limeshafika mlangoni mwa meno.

Nikalimeza.

"...nampenda Bwana," nikasema. "Kabisa. Bwana yule yule tunayemjua sote."

Kimya. Kimya kile ambacho hata tumbo lako likiongea watu wanasikia. Na katika kile kimya, kutoka nyuma ya miguu yangu, nikasikia sauti ya mtoto wa kike:

"Mama, bi harusi ni mwanaume."

Nikageuka. Watoto wawili walikuwa wameshika ncha za lile shuka, mmoja huku mmoja kule, wameliinua vizuri lisiguse sakafu. Lesi inaning'inia. Walikuwa wamenisindikiza tangu mlangoni.

Ukumbi ulijaribu kujizuia. Niliona mabega yanatikisika. Kisha mzee wa makofi akaachia, na wote wakafuata, mia na kitu, wakicheka ndani ya nyumba ya sala mpaka wengine wakafuta macho. Talia alinisogelea sikioni, naye anahangaika kupumua.

"Musyoka, Sabato ndiyo bi harusi. Ubeti wa mwisho tunageukia mlango kumpokea. Ni kila Ijumaa. Kila mahali. Nisamehe, nilisahau kwamba hujui."

"Kwa hiyo hamkuwa mnanisubiri mimi?"

"Tulikuwa tunakusubiri," akasema. "Ila si hivyo."

Nikatazama safu ya mbele. Bibi Sylvia alikuwa ameketi, shali mabegani, mikono juu ya fimbo. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nikajua kazi imekwisha. Talia alipewa Ijumaa moja tu ya kuonyesha kwamba ngoma ina heshima, na mimi nimeingia na theluji na shuka la wageni nikaigeuza kuwa harusi ya Machakos.

Nikafungua fundo, nikaketi kwenye stuli, nikaweka ngoma kati ya magoti. Nilikuwa na aibu ya kumfanya mtu aombe uhamisho wa nchi. Lakini Talia alianza wimbo uliofuata, ule wa taratibu, na mikono ikajua kazi yake. Nilipiga kwa ncha za vidole tu, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Watu wakanyamaza kwanza, kisha wakaingia kidogo kidogo. Taa zilikuwa za njano. Theluji ilikuwa inapita nyuma ya vioo vya rangi, inakuwa ya bluu, inakuwa nyekundu, inapotea. Sikuelewa neno, na nilisali. Nimekaa nchi hii miaka, na sikumbuki lini nimekuwa mwepesi vile.

Halafu Bibi Sylvia akasimama.

Katikati ya wimbo. Akashika fimbo, akatoka kwenye safu yake, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, tok, tok, tok, nje kabisa ya mdundo wangu. Watu wanamwona. Talia anamwona. Nilimwona nyanya yangu na Biblia yake. Nikataka kusimamisha ngoma nimkimbilie nimwambie, mama, rudi, nitatoka mimi. Vidole vilikataa kusimama.

Akafika mlangoni. Akaushika. Akaufunga. Kisha akageuka, akarudi tok, tok, tok, akaketi.

Nilikuwa nimeacha mlango wazi, jamani. Baridi yote ya Saint Paul ilikuwa inaingia.

Baada ya ibada kuna meza ya mkate wa kusokotwa, juisi ya zabibu na vitafunio. Nilijificha nyuma ya nguzo nikila mkate, nikipanga jinsi ya kupita bila kuonekana. Bibi Sylvia akanipata. Wazee wa fimbo wana njia zao.

"Kijana," akasema.

"Mama, naomba unisamehe. Kwetu mgeni akiimbiwa..."

"Najua. Talia amenieleza." Akakiangalia kile kipande cha mkate mkononi mwangu, kisha akatazama ule mlango. "Tangu nikiwa msichana, kila Ijumaa nageuka na kuutazama mlango. Mama yangu aligeuka. Mume wangu aligeuka hapa kando yangu mpaka alipofariki. Tunaimba, tunainama, tunamkaribisha, kisha tunaketi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameingia."

Macho yake yalikuwa na maji, na yangu pia, na wote wawili tukajifanya tunatafuta vitambaa vya mezani.

"Ngoma bado siipendi," akasema. "Inanigonga kifuani. Lakini nitaipigia kura."

Akaondoka. Akafika mbali kidogo, akageuka.

"Na Ijumaa ijayo uwahi," akasema. Akafikiri. "Au chelewa kidogo tu."

Nimefika nyumbani na kumkuta Mwikali ameshatoka kazini, yuko sebuleni na simu mkononi, kashaiona video, na wale wazee wa kazini kwetu pia wameiona, maana wao ndio hasa hurushiwa. Anasema shuka lake limepokelewa vizuri kuliko siku ya harusi yetu, na anauliza mume wake akiolewa Saint Paul, mahari inaletewa nani.

Mimi naenda kulala. Chekeni mkipenda, lakini polepole, bi harusi amechoka.